Kinyongo Kisicho Chake

"Kushoto nne, inafunguka, mia moja. Kulia mbili, inabana. Usikate ndani, kuna jiwe."

Sauti ya Wakesho iliingia masikioni mwa Mghoi kama msumari unaogongewa ubaoni. Noti za njia, zinazotaja ukali wa kila kona iliyo mbele, zilikuwa sahihi. Hakukosea hata kona moja. Ubaya ulikuwa katika namna alivyozitema. Hilo "kuna jiwe" alilitamka kama mtu anayetamani jiwe limpate mtu.

Mghoi alipinda usukani, akauachia, akakanyaga. Mistari ya mkonge wa Mwatate ilipita kando kama meno ya kitana. Mbele yake, chini ya kioo, sindano ya utulivu ilikuwa imelala kwenye tisini na mbili bila kutikisika, na gari likampa nguvu zote lilizokuwa nazo.

Hivyo ndivyo magari ya mbio yalivyoundwa siku hizo. Tangu mwaka ule dereva mmoja aliyepandwa na hasira alipoliingiza gari katikati ya watazamaji, sheria ilikata shauri kwamba mwenye mori asipewe nguvu. Nyaya nyembamba ndani ya helmeti zilisoma kichwa cha dereva, na mota ikagawa moto kwa kadiri ya utulivu wake. Ukitetemeka, gari linapungua. Ukighadhibika, linatambaa. Wenye miguu mizito na vichwa vyepesi waliondoka mchezoni zamani. Ubingwa ulibaki kwa mtu anayeweza kuwa yuleyule kwenye kona ya kwanza na kwenye kona ya mwisho, jua likiwaka au tope likiruka.

Na Mghoi alikuwa yuleyule. Hilo alilionea fahari kuliko sura yake, na sura yake aliionea fahari sana. Kila asubuhi alikimbia akipumua kwa mizani, nane kuvuta na nane kutoa, kwa beti alizojitungia mwenyewe bila mwalimu wala kitabu:

*Moyo wangu nyamaza tu, usiruke kama panzi,*
*Hofu si mali ya mtu, huja kisha hufa ganzi.*

Msimu uliopita sindano yake ilirukaruka kama mbuzi aliyefunguliwa, na watu wakamwita Kibiriti. Msimu huu hakuna aliyethubutu. "Nimejifua," aliwaambia waandishi wa habari, kifua mbele. "Wengine wana magari. Mimi nina pumzi."

Walivuka mstari wa mwisho wa hatua ile ya mbio, vumbi jekundu likawafunika. Wakesho aliupiga mlango ngumi.

"Tunaongoza?" Mghoi aliuliza.

"Kwa sekunde kumi na moja. Mwangeka yuko nyuma yetu."

"Basi mbona umenuna kama mtu aliyefiwa?"

"Nimekusomea kona?"

"Umenisomea."

"Umeanguka?"

"Sijaanguka."

"Basi uso wangu haumo kwenye noti." Akafungua mlango, akashuka, akaenda zake bila kuvua helmeti.

Mghoi alimtazama hadi akapotelea nyuma ya lori. Huyo alikuwa binamu yake, binti wa shangazi yake, aliyekua naye wakigombania usukani wa trekta bovu. Alikuwa mtu wa mizaha ya kuvunja mbavu. Lakini tangu msimu huu uanze, alikula peke yake. Mikono aliificha mifukoni. Jana alimfokea mama yake mzazi kwa sababu ya kijiko. Na juzi Mghoi alimkuta nyuma ya tangi la maji akinong'ona na navigeta wa Mwangeka, msoma njia mwenzake, na alipowakaribia wakanyamaza wote wawili kama redio iliyokatiwa umeme.

Msaliti, Mghoi aliwaza, huanza kwa kumchukia anayemsaliti. Hujitafutia sababu kwanza, bei huja baadaye.

Kesho ilikuwa hatua ya mwisho, kupanda kutoka Mwatate hadi Wundanyi na kuendelea juu mpaka Mgange, mahali ambapo barabara hujikunja ukingoni mwa korongo kama nyoka anayetafuta mkia wake. Huko dereva haoni kona inayofuata. Huendesha kwa masikio. Neno moja likichelewa kidogo tu, wanateremka korongoni bila kugusa barabara. Kikulacho ki nguoni mwako, na nguo ya Mghoi ilikuwa sauti ile.

*

"Unamshuku?" Injinia Mwachofi wa timu yao aliuliza, akiweka kikombe cha chai mezani polepole, kama mtu anayeweka yai.

Alikuwa kijana msafi kupita kiasi kwa mtu anayeshinda na magari. Ukutani nyuma yake kulikuwa na picha za mistari miwili ya utulivu: wa Mghoi, ulionyooka kama uzi wa fundi mwashi, na chini yake mwingine uliofunikwa kwa kitambaa.

"Nauliza tu," Mghoi alisema. "Kuna mtu anaweza kuwauzia akina Mwangeka noti zetu?"

"Wakesho? Hapana. Mwache apumzike. Navigeta ni watu wa kuvumilia."

"Kuvumilia nini?"

Mwachofi alikohoa. "Kukaa kando yako, bwana. Si kazi ndogo."

Mghoi hakucheka. "Kile kiboksi cha chini ya kiti chake. Nimekigusa leo. Kina joto."

"Kichujio? Ah. Vichwa viwili ndani ya gari moja huvurugiana, helmeti moja inasoma kichwa cha mwenzake. Kichujio kinatenganisha. Timu zote zinacho."

"Mbona joto liko upande wake tu?"

"Uko karibu na betri."

Betri ilikuwa nyuma, upande wa pili. Mghoi alijua, na Mwachofi alijua kwamba anajua. Lakini mtu akishakuwa na mwizi wake kichwani, kila unyayo anaouona huufanya wa mwizi huyo. Mghoi alitoka pale akiamini kwamba Wakesho amekichokoa kiboksi kile, na kwamba Mwachofi anamfichia aibu.

"Na ule mstari wa chini?" aliuliza akiwa mlangoni. "Uliofunikwa?"

"Wa zamani," Mwachofi alijibu upesi mno.

*

Asubuhi, kabla ya magari kukaguliwa, Shangazi Mkamburi aliwaita nyuma ya lori. Ndiye mama yake Wakesho, ndiye mwenye gereji, ndiye mwenye gari. Mwanamke mnene mwenye grisi ya kudumu chini ya kucha, asiyejua kuongea kwa sauti ndogo.

"Haya, wenye sumu tumboni, njooni mtapike kabla sijawapa gari langu!"

Hiyo ilikuwa kutasa, desturi ya Wataita ya tangu na tangu. Mtu hupiga funda la pombe ya miwa, hulipuliza nje kama ukungu, na hapohapo hukitaja kinyongo alicho nacho, kikatoka pamoja nalo. Hakuna safari wala kazi kubwa iliyoanza watu wakiwa wamefungia hasira vifuani. Siku hizi Shangazi alitumia maji ya miwa yasiyochacha. "Mkaguzi wa mbio ana kipimo cha pombe," alikuwa akisema, "ila hana kipimo cha akili."

Alianza mwenyewe. Akapuliza. "Nina kinyongo na fundi aliyeniuzia tairi kuukuu akaipaka rangi. Kimetoka. Mghoi."

Mghoi alipiga funda. Maji yalikuwa matamu na baridi. Akatafuta ndani ya kifua chake, huku na huku, kama mtu anayepapasa mfuko anaojua una tundu. Akapuliza.

"Sina kitu, Shangazi."

"Tena? Hata mtoto mchanga ana kinyongo na ziwa lililochelewa!" Mafundi wakacheka. "Basi moyo wako mweupe, mwanangu. Mungu auzidishie weupe."

Ndivyo walivyoamini wote. Kwao mtu asiye na la kupuliza alikuwa amebarikiwa, na aliyebarikiwa hahojiwi. Msimu mzima Mghoi alisimama pale na kinywa kitupu, na hakuna hata mmoja aliyeuliza hasira ya Kibiriti imekwenda wapi.

Zamu ya Wakesho ikafika. Mikono yake ilitetemeka akishika kibuyu. Akapuliza.

"Nina kinyongo na mama, anavyonitazama kama mgonjwa. Kimetoka." Akapiga funda la pili, akapuliza kwa nguvu hata matone yakawafikia mafundi. "Nina kinyongo na mtu yule aliyeniacha niteremke kwenye gari, akaendesha polepole kando yangu, dirisha wazi, mimi natembea nalia, yeye ananiambia nikinyamaza ndipo nitapanda. Hadi nyumbani. Hakufungua mlango hadi nyumbani."

"Nani huyo?" Shangazi aliuliza, sauti yake ndogo kwa mara ya kwanza. "Nani alikufanyia hivyo, mwanangu? Lini?"

Wakesho alipangusa midomo. Alionekana kushangaa kuliko wao. "Sijui," alisema. "Nimeyakuta tu kinywani."

Mghoi alikuwa amesimama hatua mbili kutoka kwake. Mtu yule alikuwa baba yake Mghoi. Njia ile ilikuwa ya kutoka Mwatate. Yeye Mghoi alikuwa mtoto wa miaka tisa, amelia kwa sababu gari lilimkanyagia mbwa wake, na baba yake hakupenda mwanamume anayelia. Hakuwahi kumwambia mtu. Baba alikuwa kaburini, na wafu hawasimulii.

Nani amemwambia? Hilo lilikuwa wazo lake la kwanza, la mshuku. La pili lilikuwa baya zaidi. Alilikumbuka tukio lote, hata harufu ya viti vya gari lile. Lakini alipolitafuta donge ambalo lilimkaba koo kila alipolikumbuka, kwa miaka yote, hakulikuta. Lilikuwa kama kisa cha mtoto wa jirani.

*

Kabla ya kutoka kambini, madereva na navigeta walivaa helmeti kwa dakika chache ili sauti zijaribiwe. Mghoi aliingia ndani ya gari peke yake, akafunga mlango, akavaa yake. Kupitia kioo aliweza kumwona Wakesho kando ya lori, helmeti kichwani, kikombe cha chai mkononi, akisema "moja, mbili, moja, mbili" kwa kuchoka.

Mghoi akafumba macho na kulitafuta jambo la kumuudhi. Halikuwa mbali. Mwaka jana Mwangeka alisema mbele ya watu kwamba Kibiriti huwaka mara moja kisha hutupwa. Akalichochea neno lile kama mtu anayepuliza makaa. Likashika, likapanda, likamfikia kifuani, kisha likateleza, laini, kama maji kwenye jani la mgomba. Sindano ikabaki tisini na mbili.

Akafumbua macho. Wakesho alikuwa amekipiga kikombe ukutani mwa lori. Chai ilichuruzika kwenye rangi nyeupe, naye alikitazama kigae kilichobaki mkononi kana kwamba ni cha mtu mwingine.

Bahati tu, Mghoi alijiambia. Mtu mwenye hasira huvunja vitu. Akajaribu tena, safari hii kwa hofu: akaiwaza kona ya mwisho ya Mgange, tairi la nyuma likipoteza ardhi, gari likigeuka hewani. Hofu ilipanda, kisha ikateleza. Nje, Wakesho aliikumbatia nguzo ya hema kwa mikono miwili.

Alijua sasa. Alipaswa kuumia. Alijiona amelala juu ya mgongo wa binti wa shangazi yake msimu mzima, akijisifu kwamba anajua kutembea. Aibu ilianza kuchomoza, kali, ya haki, na kabla haijamfika nayo ikateleza. Sindano haikutikisika.

Nje, Wakesho alipiga magoti. Alikuwa akilia, na maneno yalimfikia Mghoi masikioni kupitia helmeti: "Samahani. Samahani. Nisamehe." Hakujua alikuwa akimwomba nani, wala kwa kosa gani.

Mghoi aliing'oa helmeti kichwani kwa nguvu hata ikamchuna sikio. Ndipo aibu ikamkuta, yote kwa pamoja.

*

Mwachofi hakukana. Alipoona uso wa Mghoi aliufunga mlango wa ofisi yake na kuondoa kitambaa ukutani. Mstari wa chini ulikuwa kama meno ya msumeno. Ulikuwa wa Wakesho.

"Hakuna mtu anayeifuta hofu," alisema. "Tulijaribu, madereva wakawa mazuzu, wakaacha hata kupiga breki. Ila inahamishika. Kinachotakiwa ni kichwa cha pili kilicho karibu, kinachokujua, kinachokubali. Tatizo ni kwamba hasira ni kama mche wa mkonge. Ukiung'oa, unakuja na mizizi na udongo wake. Kumbukumbu zinafuata."

"Mliniibia."

"Ulikuwa wa kumi na nne, bwana. Sasa ni wa kwanza."

"Mbona hamkuniambia?"

"Ungejilaumu. Na lawama ingekwenda wapi? Kwake huyohuyo. Tulikuwa tukimpunguzia." Alisema hivyo kwa utulivu wa mtu anayeamini ametenda wema. "Na mwulize mwenyewe. Alikubali."

Mghoi alimkuta Wakesho ameketi kwenye tairi, akifunga kamba za viatu kwa vidole visivyomtii.

"Ulijua?"

Hakuuliza anajua nini. "Tangu mwanzo."

"Wakesho, unaumwa! Mikono yako..."

"Mikono ni yangu."

"Niliona ukinong'ona na navigeta wa Mwangeka. Nilidhani unaniuza."

Wakesho alicheka, kicheko kifupi kisicho na mwanga. "Nilikuwa namwuliza kama yeye naye huota ndoto za mtu mwingine. Huota. Anaogopa mamba, na hajawahi kuona mto. Wote tunabeba, Mghoi. Ninyi mnavaa mataji, sisi tunavaa vichwa vyenu."

"Leo sivai ile takataka."

"Utavaa." Aliinuka. Alikuwa mfupi kuliko yeye, lakini Mghoi alirudi nyuma. "Sekunde kumi na moja. Nusu ya lile kombe ni langu, nimeilipia kuliko wewe. Nikikufikisha Mgange ukiwa bingwa, nitatua mzigo na kulala mwaka mzima. Kitu kimoja tu nakuomba: usinihurumie leo. Nihurumie kesho."

"Na kama kesho hutakuwepo? Kama kichwa kitakatika?"

"Kichwa changu nimekiuza mimi, hujakiuza wewe. Na zile beti zako..." Akaiga sauti yake ya kujivuna: "'Hofu si mali ya mtu.' Ni mali, binamu. Najua uzito wake."

*

Magari yalipanga foleni chini ya mlima. Wakesho aliteremka kukagua tairi la mbele, na hapo Mghoi aliinama, akapeleka mkono chini ya kiti chake, akakishika kile kiboksi chenye joto. Aliitafuta swichi. Alijua anachokifanya. Alijua pia hakuwa na ruhusa, na kwamba kama angemwuliza angekatazwa. Aliibonyeza mpaka taa ndogo ya kijani ikafa.

Wakesho akapanda, akafunga mkanda. Bendera ikashuka.

Sindano ilianguka kama kuku aliyechinjwa. Tisini na mbili, sitini, arobaini na tano. Mghoi alisikia moyo wake mwenyewe ukigonga mbavu. Alikuwa amesahau una kelele kiasi gani. Alipumua kwa mizani, nane kuvuta, nane kutoa. *Moyo wangu nyamaza tu.* Moyo haukunyamaza. Ulikuwa moyo wa mtu ambaye hakuwahi kujifua hata siku moja. Alikuwa amekimbia asubuhi zote zile bure, akiusifia mgongo wa mwenzake. Fahari ilimtoka, hasira ikaingia mahali pake, na sindano ikashuka hadi thelathini na moja.

Gari la mbio la Shangazi Mkamburi lilipanda mlima wa Wundanyi kwa mwendo wa punda. Bibi mmoja aliyekuwa amejitwika sukumawiki aliwapungia mkono. "Mnataka kusukumwa?" aliuliza, na watu waliojipanga ukingoni wakaangua kicheko.

Wakesho hakuwa amesoma hata noti moja. Alikuwa ameketi wima, ameshika kichwa, kama mtu aliyeamka katika nyumba asiyoijua.

"Pametulia," alisema taratibu. "Humu ndani pametulia." Kisha akageuka. "Umezima."

"Nimezima."

"Bila kuniuliza."

"Ungekataa."

"Ndiyo! Ningekataa!" Sauti yake iliyajaza masikio ya Mghoi. "Mwachofi angalau aliniuliza! Yeye mwizi aliniuliza, wewe ndugu yangu hukuniuliza! Unaona umenifanyia wema? Umeniponya? Umenivua tu ulivyotaka, kama ulivyonivika bila kujua! Na baba yako je? Baba yako nimebaki naye mimi, Mghoi. Utanitolea wapi baba yako?"

Mghoi alisikiliza kwa makini, kwa shaka, kama fundi anayeweka sikio kwenye mota. Hasira hii ni ya nani? Ni masalio yake yeye yanayoendelea kuchemka ndani ya binamu yake, au?

"Na nikwambie jingine," Wakesho aliendelea. "Kwenye lile trekta nilikuwa nakushinda. Kila mara. Watu wazima wakasema msichana atasoma njia, mvulana atashika usukani, nawe ukanyamaza. Ulijua nakushinda, ukanyamaza!"

Hasira hiyo haikuwa ya Mghoi. Hiyo hakuwa nayo popote. Hata siku moja hakuwahi kuiwaza. Hiyo ilikuwa ya Wakesho mwenyewe, kongwe, imekaa chini ya takataka zote alizomrundikia.

Nyuma yao honi ililia. Mghoi alisogea kando, na gari la njano la Mwangeka likapita likiwarushia changarawe. Wakesho alilifuata kwa macho mpaka kona ikalimeza.

Mghoi akasimamisha gari.

"Shuka," alisema.

"Nini?"

"Shuka, zunguka, njoo huku. Una leseni. Sheria inaruhusu."

Sheria iliruhusu kweli; wawili wenye leseni wangeweza kubadilishana viti njiani, na gari lingesoma helmeti ya aliye kwenye usukani. Hakuna dereva aliyewahi kufanya hivyo, kwa sababu ni kama kuvua suruali sokoni. Wakesho alimtazama kama anayetafuta mtego.

"Kombe limepita lile," alisema.

"Limepita."

"Basi unanipa usukani wa nini?"

"Wa gari."

Walipishana mbele ya boneti mbele ya watu wote wale, na mtu mmoja akapiga mluzi, na Mghoi akausikia mluzi ule mpaka kwenye visigino. Alikaa kiti cha kushoto. Kilikuwa kimechimbika kwa kucha, kila mahali mkono wa mtu ungeweza kufika. Akafunga mkanda, akaweka noti magotini.

Wakesho alifunga macho kwa muda mrefu. Sindano ilikuwa kwenye ishirini. Ilitikisika. Ikashuka, na Mghoi akadhani amekosea tena. Kisha ikaanza kupanda, haikurukaruka, ilipanda kama maji kwenye mtungi: hamsini, sabini, themanini na nne. Msimu mzima alikuwa amesoma kona akiwa amebeba hofu za watu wawili, na hakukosea hata moja. Leo alikuwa na yake tu.

Mghoi aliinama kutazama chini ya kiti. Taa ya kijani ilikuwa imekufa.

"Unatafuta nini huko?"

"Naangalia."

"Huniamini?"

"Sijui."

"Vizuri. Nami sikuamini." Akaushika usukani, na mikono yake ilikuwa bado inatetemeka, ila mtetemo ule uliishia viganjani, haukupanda kichwani. Gari liliruka mbele kwa nguvu iliyompigiza Mghoi kitini. Ukingo wa barabara ulikuja, na baada yake hakukuwa na kitu, hewa tu na vilele vya miti mbali chini. "Soma!"

"Ku... kushoto..." Herufi zilimchezea machoni.

"Unaogopa?"

"Naogopa."

"Hofu ya nani hiyo?"

Mghoi aliangalia korongo, akaangalia sindano, akajisikiliza kifuani mpaka chini kabisa. "Yangu," alisema.

"Basi ikalie. Soma."

"Kushoto mbili, inabana," Mghoi akasoma, sauti ikimkatika. "Korongo kulia. Usikate."

Wakesho akakanyaga.